Misumari Minane

Simu ililia mbele, nyuma ya tanga, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipaona. Ulikuwa mlio wa kengele za zamani, trrr, trrr. Ikanyamaza, ikaanza tena. Upepo ulikuwa umejaa kwenye tanga na maji yalikuwa yakipiga mbavu za mashua, lakini bado kila mlio wake ulisikika, maana mtu asiyesikia vizuri huweka simu yake sauti ya juu kabisa.

"Mzee, simu," Mama Pacha alisema bila kuinua macho. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la barafu, ubao mapajani, akikata tikiti maji kwa ajili ya wageni. Mumewe ndiye nahodha. Yeye alipika, aligawa vifaa, alipokea simu za wateja na kufagia mchanga chomboni jioni.

Simu ikalia mara ya tatu.

"Mzee wa Reli, unaitwa," alidakia shemeji yake, mdogo wa mumewe. Walimwita Kamba, kwa wembamba wake na kwa sababu kamba zote za chombo zilikuwa zake kufunga na kufungua. "Au ni treni inapita?"

Watoto watatu wa mfanyabiashara wa vigae, aliyekodi mashua siku ile na familia yake, walicheka. Mama Pacha naye alitabasamu, akapangusa mikono kwenye aproni, na kiganja kikagusa kitu kigumu mfukoni. Kikasha kidogo cha plastiki. Tabasamu likamwishia mdomoni.

Hawezi kusikia, alijiambia. Masikio yake ninayo mimi.

Akaweka kisu chini, akapita chini ya tanga kwa magoti. Mbele alikuta mfuko wa turubai, shati lililokunjwa kola juu kama la dukani, na viatu vilivyopangwa sambamba, kila soksi ndani ya kiatu chake. Simu ilikuwa ikitikisika juu ya shati. Kwenye kioo paliandikwa: Mwanangu.

Mwenyewe hakuwapo.

Alirudi nyuma kwa magoti yale yale.

"Hayupo."

"Nani hayupo?" Nahodha aliuliza. Alikuwa ameshika usukani kwa mkono mmoja, mguu juu ya benchi, amekaa kama mtu aliye sebuleni kwake.

"Mzee. Nguo zipo, yeye hayupo."

"Atakuwa amelala."

"Alale wapi, Baba Pacha? Ndani ya kiatu?"

Nahodha aligeuza shingo akatazama ubao wa ubavuni, penye misumari minane. Macho yake yalipita juu ya kila msumari, wa kwanza hadi wa mwisho, kisha yakarudi wa mwisho hadi wa kwanza. Miwani minane ya kuzamia, kila mmoja na mrija wake wa kupumulia, ilikuwa imening'inia ikidondosha maji.

"Mbona imetimia," alisema. "Kamba, si ulisema imetimia?"

"Imetimia, kaka. Hii hapa, minane."

"Yule alikuja na ya kwake," Mama Pacha alisema.

Hakuna aliyecheka tena.

Hivi ndivyo walivyokuwa wakihesabu. Miaka ya mwanzo walipoteza miwani mingi. Mgeni anaacha wake juu ya matumbawe, mwingine anauficha kwenye taulo na kwenda nao. Nahodha akapigilia misumari minane na kuweka kanuni moja: msumari ukiwa mtupu, kuna mtu majini, misumari ikijaa, ng'oa nanga. Miaka kumi na moja kanuni ile haikupoteza miwani wala mtu, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza ni kipi hasa walichokuwa wakikilinda. Walilinda vioo. Watu walikuwa wakirudi kwa kuwa wameshikamana na vioo.

Asubuhi mzee aliwakuta gatini, mfuko begani, akauliza kama kuna nafasi ya mtu mmoja. Mama Pacha ndiye aliyemwombea kwa mfanyabiashara wa vigae. Alikuwa mstaafu wa reli, mpokea treni kwa miaka thelathini na nne, na alikuwa hajawahi kuona samaki akiwa hai isipokuwa ndooni. Walipofika mwambani alikataa miwani ya chombo. Yake ilikuwa na vioo vya daktari. Bila vile, alisema, angeona ukungu wa bluu tu. Kisha akachomoa vidude viwili vya kusikilizia, akavitia kwenye kikasha.

"Masikio yangu hayo, mama. Yakilowa yamekwisha. Sasa mkiita sitasikia."

"Usijali, baba. Nitakuja ukingoni nikupungie mimi mwenyewe."

Mama Pacha akakitia kikasha mfukoni. Kisha akashika kisu na tikiti. Kamba alipogonga ngazi ya chuma kwa spana, ko, ko, ko, kuwaita wageni, alisikia. Kamba aliposema imetimia, alisikia. Mambo mawili alikuwa akiyajua, kwamba mzee hasikii na kwamba miwani ya mzee haina msumari, na akili yake haikuyakutanisha. Tanga likapandishwa. Likaziba mbele yote, na kila aliyekaa nyuma akaamini kwamba mzee yuko upande wa pili.

"Tumeondoka saa ngapi?" Mama Pacha aliuliza.

Nahodha alitazama saa yake. "Dakika ishirini na tano zilizopita."

"Na maji?"

"Yanajaa."

Hakuhitaji kuongeza kitu. Walipotia nanga, kichwa cha mwamba kilikuwa kimetokeza juu ya maji, mtu angeweza kukikalia. Maji yakijaa kinazama, na maji yanayouvuka mwamba hugeuka mkondo unaovuta kuelekea nje, kwenye bahari kubwa.

*

Tanga likashushwa. Kurudi kulikuwa kurudi dhidi ya upepo, na dhidi ya upepo palihitajika mashine. Mashine ilikuwapo, ndogo, imefungwa nyuma kama kitu cha aibu, maana Nahodha aliuza safari zake kwa maneno haya: hakuna kelele, hakuna moshi, ni tanga tu. Petroli aliyobeba ilikuwa ya kuingilia gatini, basi. Alivuta uzi wa kuwashia mara moja, mara mbili, mara tano. Mara ya sita mashine ikakohoa, ikawaka.

"Kuna nini?" mfanyabiashara wa vigae aliuliza. "Mbona tunageuka?"

"Tunarudi kidogo, mheshimiwa."

"Kidogo kufanya nini? Wewe si ulisema chakula saa sita?"

Binti yake mdogo ndiye aliyeuliza kilichotakiwa kuulizwa. "Yule babu yuko wapi?"

Kamba akajifanya anakunja kamba. Nahodha akatazama maji. Mke wa mfanyabiashara alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mmemwacha mtu baharini?"

"Mama, tunamrudia," Nahodha alisema.

"Mmemwacha mtu baharini mnakata tikiti?"

Akawavuta wanawe. Akagusa kichwa cha wa kwanza, cha wa pili, cha wa tatu, kwa kiganja kizima, kisha akarudia tangu mwanzo kana kwamba mara ya kwanza haikutosha. Mama Pacha aliuona ule mkono, na ukamchoma kuliko maneno.

Mfanyabiashara alikwishatoa simu yake na kuielekeza kwa Nahodha. "Sema tena hapo. Sema kwa sauti. Kibali chako namba ngapi?"

Nahodha hakusema namba. Lakini neno kibali lilimwingia, na nyuma yake likaingia wazo ambalo hakuliita. Karatasi ya abiria aliyoiacha ofisi ya bandari asubuhi ilikuwa na majina matano. Ya mfanyabiashara, mkewe na watoto watatu. Mzee alikuja baada ya karatasi kugongwa muhuri, na hakuna aliyerudi kumwongeza. Kwa ofisi ya bandari, mtu aliyeko majini hakuwahi kupanda chombo hiki. Wazo lilikaa kwa muda wa pumzi moja. Kisha Nahodha alijiona jinsi alivyo, akiwaza vile mbele ya watoto wa watu, akaiongeza mashine kasi mpaka mwisho.

Simu ya mzee ikalia tena. Mama Pacha alikuwa ameileta nyuma pamoja na shati. Hakujua kwa nini ameleta shati. Kila mtu aliitazama mkononi mwake.

"Usipokee," Kamba alinong'ona.

Akapokea.

"Halo, baba?"

"Si baba, mwanangu. Ni mama wa kwenye mashua."

"Ah, shikamoo mama. Baba yuko wapi?"

"Marahaba. Bado yuko majini."

"Mpaka sasa?" Sauti ilicheka. "Haya, mwacheni. Mwezi mzima ni hadithi za samaki tu. Mwambie nimepiga. Na dawa ya presha ya saa sita imo mfuko wa pembeni, asinidanganye kwamba hajaiona."

"Nitamwambia."

"Mnamwangalia lakini, mama? Maana yule hasikii."

Mashine ilikuwa ikinguruma. Kiti chote kilikuwa kikitetemeka.

"Tunamwangalia," Mama Pacha alisema.

Alikata simu akaiweka juu ya shati. Katika yote aliyoyasema mlikuwa na uongo mmoja tu, na ulikuwa wa neno moja.

*

Mwamba haukuonekana. Palipokuwa na kichwa cha jiwe sasa palikuwa na duara la maji ya kijani, yamepauka kidogo kuliko mengine, na mawimbi madogo yakivunjika juu yake bila haraka. Hapakuwa na kichwa cha mtu, hapakuwa na mrija. Kamba alisimama juu ya benchi, mkono juu ya macho, akaangalia pande zote, kisha akaangalia tena upande aliokwisha kuuangalia.

"Mkondo umemchukua," Nahodha alisema. "Tuufuate. Atakuwa ameelekea nje."

"Na kama hakuelekea nje?" mkewe aliuliza.

"Mtu wa miaka sabini hashindani na mkondo."

"Petroli inatosha kwenda nje na kurudi?"

Akalitikisa tangi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kikombe, si ya tangi. Inatosha mara moja. Wakienda kusiko, hakuna kwenda kwingine.

"Zima mashine," Mama Pacha alisema.

"Nini?"

"Izime."

"Nikiizima huenda isiwake. Umeona ilivyonitesa. Tutakaa hapa kama boya na mkondo utatuchukua na sisi."

"Yeye ndiye hasikii, Baba Pacha. Sisi tunasikia. Lakini kwa kelele hii hata akiita jina lako hutalisikia."

Nahodha alimtazama. Miaka yote alikuwa amesikia ushauri wake juu ya chakula, wateja na bei ya mafuta ya kupikia. Juu ya bahari hakuwahi kumpa nafasi. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni. Akashika kitufe, akakiachia, akakishika tena. Akazima.

Ukimya ulikuja wote kwa mara moja. Mke wa mfanyabiashara aliziba mdomo wa mtoto wake wa kati, aliyekuwa akilia. Maji yaligonga ubao. Mahali fulani kikombe kilibingirika. Mama Pacha alifumba macho, na ndani ya giza lile akaona viatu, na soksi ndani ya viatu.

Kisha ikaja. Mbali, nyembamba, kama mtu anayepuliza chupa. Puu. Puu. Ikakatika. Puu.

"Treni," Kamba alisema, na safari hii hakuwa akitania.

Ilitoka upande wa jua, nyuma ya mwamba, ambako mng'ao wa maji ulikuwa ukiwaumiza macho. Palikuwa na nguzo ya chuma pale, imechomekwa na watu wa bandari kuonyesha mwisho wa matumbawe, yenye kutu na makombe makali ya chaza kote. Kwenye nguzo kulikuwa na uvimbe mweusi. Uvimbe ulikuwa na mikono. Maji yalikuwa yamefika kifuani na kila wimbi likipita lilimfika kidevuni, na kila likiondoka aliinua mrija juu, akaupuliza kama pembe.

Nahodha alivuta uzi wa mashine. Mara moja, mara tano, mara kumi. Haikuwaka. Hakusema niliwaambia. Alichukua kasia, akapiga maji kwa nguvu ya mtu anayechimba, na Kamba akajifunga kamba kiunoni, akachukua jaketi la kuokolea kwa meno na kuruka. Mkondo ulimsukuma pembeni mara mbili. Mara ya tatu alishika nguzo, ikamchana kiganja. Mzee hakutaka kuiachia. Kamba alimwambia achia, babu, nimekushika, achia. Na mzee alimtazama mdomo wake unavyocheza bila kuelewa hata neno, mikono yake imejikunja kwenye chuma kana kwamba imeota pale. Ikabidi Kamba afungue kidole kimoja kimoja.

*

Walimlaza juu ya tanga lililokunjwa. Miguu ilikuwa imechanika tangu magotini, damu na maji ya chumvi vikichuruzika pamoja. Meno yalikuwa yakigongana. Mke wa mfanyabiashara alimfunika kwa mataulo ya wanawe wote watatu, na Mama Pacha akampa dawa yake ya mfuko wa pembeni.

Nahodha alipiga magoti mbele yake. "Baba, nisamehe. Baba, ni kosa letu, hatukuona. Miaka kumi na moja, baba, haijawahi kutokea." Maneno yalimtoka kama maji kwenye tundu, na mzee aliyatazama tu. Ilimchukua Nahodha muda kukumbuka kwamba alikuwa akiomba radhi kwa mtu asiyesikia.

Akageuka, bado yuko magotini, akakutana na simu ya mfanyabiashara.

"Mheshimiwa. Tumempata. Hiyo picha iishie hapa."

"Iishie hapa kwa nini?"

"Mwezi uliopita mwenzetu kanyang'anywa kibali kwa kuzidisha watu wawili tu. Mimi nina pacha walioko shule. Chombo hiki ndicho shamba langu, ndicho duka langu."

"Nililipia watoto wangu waone samaki, sikulipia waje kuokota maiti." Mfanyabiashara alikuwa mdogo kwa Nahodha kwa miaka kama kumi, na alizungumza akiwa amesimama. "Nyie watu mnamhesabu mtu kwa miwani. Unajua unavyochekesha?"

Nahodha aliinamisha kichwa. Kamba, kiganja kinavuja damu, alitazama pembeni ili asimwone kaka yake akiwa vile.

Mzee alinyoosha kidole kwenye aproni ya Mama Pacha.

Mama Pacha alipangusa mikono mara tatu kabla ya kukifungua kikasha. Mzee alichukua kidude kimoja, akalikosa sikio, akajaribu tena. Cha pili mama alimsaidia. Vikapiga mluzi mwembamba, vikatulia.

"Sasa," mzee alisema. Sauti ilikuwa imekwaruzika. "Sasa semeni."

Mzee aliwatazama mmoja mmoja.

"Kwenye reli, treni haijafika mpaka mtu ameona taa ya behewa la mwisho. Kichwa kinaweza kuingia kituoni na behewa limebaki porini. Kwa hiyo kuna mtu wa kutazama mwisho tu. Nilikuwa huyo." Alipumzika. "Hapa ni nani?"

"Mimi ndiye nahodha, baba," Nahodha alisema.

"Sikuuliza nani anaendesha."

Kamba alitazama misumari. Minane, imejaa, mizuri.

"Hakuna, baba," Mama Pacha alisema. "Hakuna anayetazama mwisho. Na nilikuambia nitakupungia, nikasahau."

Simu ikalia juu ya shati, trrr, trrr, na safari hii mzee aliisikia, akashtuka kama amepigwa. Aliishika kwa mikono miwili. Kisha akamnyooshea Mama Pacha.

"Ongea naye wewe. Mimi nikifungua mdomo nitalia, na mtoto yule hajawahi kunisikia nikilia."

Nahodha alitikisa kichwa, polepole, mdomo wake ukifanya maneno bila sauti: mwambie yuko salama, basi. Salama, basi. Mama Pacha aliyasoma. Akaketi juu ya ubao karibu na mzee, akamshika mkono uliochanwa na makombe, na kwa mkono mwingine akapokea.

"Mama? Ametoka majini?"

"Ametoka. Nisikilize, mwanangu, usinikate. Nilipokwambia tunamwangalia, nilikudanganya. Tulikuwa tumemwacha. Tuling'oa nanga tukaenda, na baba yako akabaki mwambani karibu saa nzima, ameshika nguzo, maji yamefika kifuani."

Upande wa pili kulikuwa na pumzi tu.

"Uliniambia mnamwangalia," sauti ilisema hatimaye. Haikuwa ikicheka tena. "Nilikuuliza, mama. Ukasema mnamwangalia. Sasa nitaamini vipi kwamba yuko hai?"

Mzee akasogeza mdomo karibu na simu. "Niko," alisema, na hakuweza zaidi.

Nahodha alikuwa bado yuko magotini. Mfanyabiashara alikuwa bado ameinua simu yake. Mama Pacha hakumtazama hata mmoja wao.

"Chombo chetu hakina mashine sasa, tutarudi na tanga, tutachelewa kidogo," alisema. "Lakini nitamleta mpaka mlangoni kwako, na mkono huu nilioushika sitauachia njiani. Nikitoka kwako nakwenda ofisi ya bandari, na mume wangu au peke yangu, na nitaandika jina la baba yako kwenye ile karatasi ambayo hatukumwandika, na chini yake nitaandika tulichomfanyia, kabla hujakwenda wewe na kabla hajakwenda mwenye picha. Wakichukua kibali wachukue. Nakuahidi, mwanangu. Mume wangu anasikia. Baba yako naye anasikia."